Nimepatana na mkulima mwenyewe, lumbesa inaihusu nini serikali?

Mchuuzi_Mgandini

Wakuu salaam. Mimi nachukua viazi Lukozi kule Lushoto, nashusha soko la Mgandini hapa Tanga mjini, vikibaki nasukuma mpaka Pongwe. Wiki iliyopita canter niliyopakia imesimamishwa njiani, magunia yangu yakateremshwa na kupimwa, nikaambiwa hii ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Nimelipa faini, nimelipa vijana wa kushusha, nimelipa tena wa kupakia. Nimefika sokoni saa nne wateja wa jumla wameshaondoka.

Sasa swali langu. Yule mkulima nilimfuata kwake. Tukapatana bei. Gunia wamejaza vijana wake, wao wenyewe ndio walioshona juu. Kapokea hela kafurahi, kaniongezea na karoti za kupeleka nyumbani. Hakuna aliyemkaba mwenzake. Hela yangu, mali yake, watu wazima wawili tumeelewana. Serikali inaingia hapo kama nani? Leo wananipangia ukubwa wa gunia, kesho si watanipangia na bei?

Naomba majibu ya maana, msiniambie "sheria ni sheria".

Mdigo_wa_Chuda

Sheria ni sheria.

Utani mkuu, pole kwa faini.

BintiShambaa

Kaka Mchuuzi pole. Baba yangu analima viazi upande huo huo, kwa hiyo ngoja nikueleze hilo "tumeelewana" linavyoonekana ukiwa umesimama upande wa shamba.

Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Kwa haki lingefungwa hapo. Lakini kijana anachukua kipande cha gunia jingine, anakiunga kwa shazia na kamba, anaanza kupanga viazi kimoja kimoja kwa mkono kwenda juu, vile vikubwa vyenye sura nzuri. Anasuka kamba kuvizuia, anaongeza tena, anasuka tena. Mnunuzi amesimama pembeni anasema "bado, bado". Kilemba kikishasimama vizuri ndipo anasema haya, gunia moja. Na bei ni ya gunia moja.

Kwa nini baba anakubali? Kwa sababu viazi vimeshachimbwa. Vikipigwa jua vinageuka kijani na hakuna atakayevigusa. Baba hana ghala wala mizani, na bei ya Mgandini ya asubuhi hiyo anaambiwa na nani? Anaambiwa na wewe. Akikataa unapanda pikipiki unakwenda kwa jirani, naye anashona. Hujamkaba, kweli. Ila usiseme mmepatana mkiwa sawa.

Na zile karoti, kaka, ni ustaarabu wetu kwa mgeni. Usizifanye ushahidi.

Mchuuzi_Mgandini

Dada nimekusoma, lakini na mimi niweke upande wangu. Nikifunga kilo 100 wakati mwenzangu anafunga 140, tukifika Mgandini mteja anakwenda kwake, maana na mteja ananunua kwa gunia. Mimi niwe mtakatifu peke yangu nile nini? Halafu kama baba yako anaona anapunjwa, si apandishe bei ya gunia kubwa? Soko lijipange lenyewe.

Babu_Barabara_ya_12

Assalaam alaykum wajukuu.

Wengi humu mmezaliwa baada ya Ruksa, Mzee Mwinyi alipofungulia biashara, ndiyo maana mnazungumzia soko huria kama mvua, kitu cha kujishukia chenyewe. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya kaunta ya duka la marehemu baba hapa hapa Ngamiani. Bei zilikuwa zikipangwa na Tume ya Bei, iliyoundwa 1973. Karatasi ya bei tumeibandika ukutani, chini yake rafu tupu. Bei ya sukari ilikuwepo, sukari ndiyo haikuwepo. Mgao ukitoka RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, watu wameshajipanga tangu alfajiri, mtu anaweka jiwe au ndala mahali pake akanywe chai, na ole wako ulisogeze. Mkoa huu ulikuwa ukiuza mkonge nje ya nchi, na mimi nimeoga kwa majani ya mpapai.

Wakati huo huo Horohoro, mpakani na Kenya, ipo pale pale. Sabuni na mafuta ya kula vinavuka usiku kutoka Mombasa, vinauzwa chini ya kaunta kwa bei ambayo hakuna karatasi iliyoiandika. Ilipofika 1983, ile vita ya wahujumu uchumi, watu wakatupa mali baharini na vichakani kwa hofu ya kukutwa nayo. Hebu fikirini, nchi haina sabuni halafu sabuni inatupwa! Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, wala wasiulizwe wamezipata wapi. Rafu zikajaa. Bei ilikuwa kali, nisiwadanganye, lakini kitu unakiona, unakishika, ukitaka unanunua, hutaki unapita zako. Mzee Mwinyi alipoingia 1985 mlango ulikuwa umeshafunguliwa kidogo, yeye akausukuma.

Kwa hiyo Mchuuzi, hofu yako ya kupangiwa bei naijua kuliko unavyoijua wewe.

Lakini lumbesa si bei. Kupatana maana yake kila mmoja anajua anatoa nini na anapokea nini. Gunia halina kilo zinazojulikana, sasa mmepatana juu ya nini? Sheria ya Vipimo haikwambii uuze viazi kwa shilingi ngapi. Inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, basi. Ukitaka kununua kilo 140 nunua, funga mafungu mawili, lipa kilo 140. Uhuru wako wote umebaki palepale, kilichoondoka ni zile arobaini za bure.

Na kuna mtu mmesahau kumtaja nyote wawili. Mpagazi wa Mgandini analipwa kwa gunia. Lile gunia lenye kilemba anabeba yeye, na siku mlipokuwa mnaelewana kule Lukozi yeye hakuwepo. Mwenye canter naye anatoza kwa gunia, na gari lake ndilo linaloshuka ule mlima mpaka Mombo. Watu wazima wawili mmekubaliana kutumia mgongo wa mtu mwingine.

Sisi wa pwani hili tungekuwa wa kwanza kulielewa. Mtume alipoombwa na watu wa Madina apange bei wakati vitu vimepanda, alikataa, akasema mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu. Hapo hapo dini ikakaza sana kwenye vipimo, Suratul Mutaffifin inaanza na hao wapunjaji. Na iko hadithi inayokataza kuwapokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Msome hiyo halafu mnitazamie safari za Lukozi.

Mkinga_Original

Babu shikamoo. Hapo kwenye bei naomba nikupinge kidogo. 2018 kusini wafanyabiashara walikuja na bei ya korosho ya kutupa, wakulima wakagoma kuuza. Serikali ikaingia, ikatangaza 3,300 kwa kilo na jeshi likapelekwa kusomba. Bila ile nguvu si wangenyongwa na soko lako?

Babu_Barabara_ya_12

Marahaba mwanangu. Swali zuri, sikulikwepa, nilikuwa naswali.

Wakulima kugoma kuuza kwa bei ya kutupa, huo ndio uhuru wenyewe, na nawapongeza. Kilichofuata ndicho kinachonikera. Wanunuzi binafsi wakawekwa kando, akabaki mnunuzi mmoja, naye ndiye mwenye bei, mwenye ghala na mwenye bunduki. Wengi walisubiri malipo muda mrefu, msimu unaofuata umeshafika mlangoni na dawa ya kupuliza hawana hela ya kununua. Sasa mfanyabiashara asipokulipa unamfuata unamkunja shati. Hapo ungemkunja nani?

Na tena angalia, korosho kilio cha siku nyingi ni kangomba, mtu ananunua kwa bakuli kwa mkulima aliyebanwa na shida. Bakuli na kilemba ni ndugu. Mkulima mwenye mizani, na mwenye wanunuzi wanne wanaogombania mzigo wake, hahitaji jeshi.

BintiShambaa

Babu shikamoo na ahsante. Ila niongeze, hata hao wanne wakikaa hotelini Lukozi wakanywa chai pamoja wanashuka na bei moja. Hilo nalo lisimamiwe na nani?

Babu_Barabara_ya_12

Marahaba binti. Wauzaji nao wakae wanywe chai. AMCOS ya viazi, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inawezekana, lakini iwe ya hiari, mtu aingie na atoke anapotaka. Ushirika wa kulazimishwa tuliuonja, na vile vyama vya zamani wakulima walivyovijenga wenyewe vilifutwa kwa amri 1976, vikaja kurudishwa baadaye vikiwa havina meno. Mengine nitaandika kesho, macho haya.

Mdigo_wa_Chuda

Mchuuzi uko wapi, umekimbia?

Mchuuzi_Mgandini

Nipo, nilikuwa napakua mzigo. Sijakubali yote. Bado naona kunisimamisha njiani mzigo unaharibika ni uonevu. Kama tatizo ni kilo, wakae Lukozi sokoni na mizani yao, gunia lipimwe pale pale kabla halijapanda gari, tumalizane. Hilo la mpagazi sina jibu. Leo nimemuuliza yule anayenibebea, kasema "kaka usiniulize, we funga mawili unilipe mawili".

Swali dogo kwa wanaojua: nikinunua mizani yangu ya kuning'iniza, ile ya ndoano, naanza kuitumia tu au lazima ihakikiwe kwanza?

BintiShambaa

Lazima ihakikiwe na kugongwa muhuri, na uhakiki unarudiwa kila mwaka. Ukija nayo kwa baba hakikisha muhuri unasomeka, na atakuwepo jirani wa kuangalia mshale.