Zebaki ipigwe marufuku migodini Busia?

Mpakani: Wenzangu, Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2019, lakini hapa Tiira, Busia, zebaki bado inauzwa kwa kizibo cha soda. Mimi nasema ipigwe marufuku kabisa. Akina mama wananasa dhahabu ya mchangani kwa zebaki, kisha wanaichomea kwenye sufuria za kupikia ili zebaki itoke kwa mvuke, wanajiua kwa kutojua.

Mama Wawili: Kwa kutojua? Kaka, mimi ni mmoja wa hao akina mama. Nimeosha mchanga miaka tisa. Dalali hataki mchanga, anataka dhahabu iliyokwisha kuchomwa. Nikachomee wapi, kwako?

Fundi Rangi: Kunyweni maziwa. Mimi napuliza rangi za magari, kila jioni nusu lita, kifua safi.

Mwl. Kemia: Maziwa tena! Mzee, mvuke wa zebaki huingia kwa mapafu, ukapita kwenye damu hadi ubongo na figo. Maziwa yanaenda tumboni. Vitakutana wapi?

Fundi Rangi: Marehemu baba alichomelea vyuma miaka 30 na maziwa yake, akafa na miaka 81. Mwache baba yangu.

Mwl. Kemia: Sijamgusa baba yako, Mungu amrehemu. Nasema tajiri anayekugawia maziwa amekwepa kukununulia barakoa.

Kijana wa Betri: Kweli kabisa. Nilikoyeyusha risasi za betri kuukuu tulipewa pakiti ya maziwa kila Ijumaa. Glavu, hakuna. Nilirudi nyumbani na vumbi lile lile, nikambeba mtoto.

Majanji: Mnabishania maziwa, na maji ya kuoshea mchanga je? Zebaki ikikaa kwenye tope la maji, vijidudu huigeuza sumu kali zaidi, inaingia kwa samaki. Kule Minamata, Japani, 1956, walioumia ni wala samaki, siyo wachimbaji.

Mpakani: Ndiyo maana nikasema marufuku.

Mama Wawili: Marufuku hailipi karo. Nikishika kikombe siku hizi chai inamwagika, mkono unatetemeka. Mnaniita mjinga, hakuna aliyeniambia nifanyeje.

Mwl. Kemia: Pole sana dada. Kuna ritoti: kichungu cha chuma chenye mfuniko unaobana, na bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke unapoa humo, unarudi kuwa zebaki, huuvuti. Lakini hata hicho kiwashie nje, mbali na watoto. Na mkono huo upimwe, usingoje.

Fundi Rangi: Hicho naweza kukichomelea, baba alinifundisha. Mwalimu, tuma mchoro.

Mama Wawili: Shilingi ngapi?