Naomba ushauri: dada kamaliza tiba ya saratani ya titi, hofu haijaisha

Habari zenu wapendwa. Dada yangu alitolewa titi la kushoto, akamaliza tibakemikali na mionzi. Sasa yuko kwenye vidonge vya tamoksifeni, dawa ya kusaidia saratani isirudi, ambavyo kwa kawaida hutumiwa miaka 5 hadi 10. Kipindi chote cha matibabu alikuwa imara kuliko sisi. Sasa ndipo anapovunjika: mgongo ukimuuma kidogo anaamini imerudi, usiku anapapasa kovu, na siku ya kliniki ikikaribia hapati usingizi. Ndugu wanamwambia ajikaze. Kwa maoni yangu wanamziba mdomo tu. Mliopitia haya, kilichowasaidia zaidi ni mshauri nasaha au kikundi cha wagonjwa wenzenu? Na akianza kulia, nimwambie nini?