Msaada: majani ya mviringo yanayotambaa yameingia matuta ya mama, huku Matema

Wakuu habari za jioni. Nipo Matema huku Kyela, kwetu ni mchanga mtupu na ukichimba kidogo tu maji hayo. Mwaka juzi jirani muuza maua alinipa miche mitatu, majani mviringo yanang'aa, kijiti kimeshika katikati ya jani kama mwavuli, nikaipanda upande wa ziwa maana mawimbi yalikuwa yanakula mchanga. Imeshika kweli kweli. Sasa imepita chini kwa chini mpaka kwenye chainizi na mchicha wa mama, nalima leo wiki mbili imerudi mingi kuliko mwanzo. Mama halalamiki ila kila asubuhi namkuta ameinama anang'oa kimoja kimoja na mgongo wenyewe ule unamsumbua, inaniuma sana maana niliileta mimi. Nipige dawa?

Mkulima_Ipinda: Pole mkuu. Unalimia jembe eti? Ule kila pingili ina mizizi yake na jani lake, ukikatakata vipande kumi ndo umepanda kumi. Tumia uma, inua mchanga taratibu fuata kamba yote, yaani ule mshina unaotambaa chini, mpaka mwisho wake, tia kwenye kiroba, usitupe pembeni.

Bwanashamba2: Kwa maelezo hayo ni Hydrocotyle bonariensis, jina la pili linatokana na Buenos Aires, kwao ni Amerika kwenye vilima vya mchanga vya pwani na sehemu zenye unyevu. Chumvi unavumilia, mchanga ukiufukia unachomoza juu. Halafu zile pingili zinalishana, zilizo kwenye maji zinapeleka maji kwa zilizo pakavu, kwa hiyo ukiacha tuta likauke unaumiza mchicha tu. Kwanza tenganisha, chimba mtaro kati ya bustani na ufukwe uzame kupita mizizi, simamisha bati humo, ndo uanze kung'oa upande wa mama.

Dada_wa_Tukuyu: Jamani si ndo ile watu wanachemsha kwa vidonda?

Bwanashamba2: Hapana dada, ile unayosema jani lina pengo na kijiti kinaanzia kwenye pengo. Huu kijiti kipo katikati. Tafadhali msimchemshie mtu.

Mkulima_Ipinda: Na dawa usipige kabisa ndugu yangu, mchanga haushiki kitu, mvua za Kyela unazijua, yote inaishia ziwani kwenye samaki na maji mnayochota.

Nyasa_kwetu: Mimi ningeng'oa hata wa ufukweni. Ukifika kwenye kijito utasambaa kwa majirani wote, panda matete yetu yashike mchanga.

Mwenye uzi: Asanteni sana, kumbe jembe ndo lilikuwa linanimaliza. Jumamosi nachimba mtaro, wa ufukweni nitautoa kidogokidogo matete yakishashika maana nikiutoa wote leo mchanga unaondoka. Nimemwambia mama apumzike amekataa, anasema atashika kiroba. Bati liingie chini kiasi gani, futi moja inatosha?

Bwanashamba2: Usipime kwa futi, chimba mpaka usione kamba nyeupe tena, halafu ongeza kidogo.