Mzio wa chavua umenianza ukubwani, eti tatizo ni bakteria wa tumboni?

BintiMoro: Habari zenu wapendwa. Nimekulia Morogoro kwenye vumbi na mahindi, sikuwahi kusumbuliwa. Sasa naishi Leipzig, Ujerumani, na kila Aprili miti ya Birke (kwa Kiingereza birch) ikichanua macho yanawasha, pua inachuruzika, usiku silali. Kituko zaidi, nikila tofaa bichi midomo na koo vinawasha, likipikwa halina neno. Mwenzangu kazini anasema bakteria wangu wa tumboni wamevurugika, ninunue vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai wa kusaidia tumbo. Bei yake si mchezo. Kuna ukweli?

MzeeWaMaabara: Pole dada. Tofaa kwanza: lina protini inayofanana na ya chavua ya Birke, kinga yako inazichanganya. Moto huiharibu, ndiyo maana la kupikwa unalila. Usiache kumwambia daktari.

Bakteria, ndiyo, wanahusika. Wale wa utumbo mpana wakichachusha nyuzinyuzi hutoa kemikali iitwayo butireti, nayo husaidia kuongeza seli T za udhibiti, zinazozuia kinga isipigane na vitu visivyo na madhara. Sakaguchi, Brunkow na Ramsdell walipewa Nobeli 2025 kwa ugunduzi juu ya seli hizo. Ila somo hilo kinga hulipata zaidi utotoni. Wewe Morogoro hukukutana na Birke, na wahamiaji wengi huanza kuugua baada ya kuivuta chavua ngeni kwa misimu kadhaa. Sioni ushahidi kwamba tumbo lako "limevurugika".

Tena uko mji wenyewe! Ukuta wa Berlin ulipoanguka na Ujerumani Mashariki na Magharibi zikaungana, daktari wa watoto Erika von Mutius na wenzake walilinganisha watoto wa Leipzig na Halle, miji ya mashariki, na wale wa Munich, magharibi. Mashariki hewa ilikuwa chafu kwa moshi wa makaa ya mawe, lakini mzio wa chavua ulikuwa mwingi zaidi Munich. Baadaye akahamia kuchunguza watoto wa wafugaji: waliozoea zizi la ng'ombe tangu uchanga waliugua kidogo.

MamaTwins: Kwa hiyo minyoo ilikuwa inatulinda? Niache kuwapa wanangu dawa?

MzeeWaMaabara: Hapana mama, wape! Ni kweli kule Gabon watoto wenye kichocho, ugonjwa wa minyoo, walipopimwa mzio ngozi zao hazikuitikia sana utitiri wa vumbi, na waliotibiwa minyoo mara kwa mara mwitikio ukapanda. Lakini kichocho kinaharibu kibofu. Mafua ya mzio ni afadhali mara mia.

BintiMoro: Basi vidonge naviacha?

MzeeWaMaabara: Matokeo ya tafiti zake yanapishana, hela yako itunze. Maharage na dona endelea navyo, vina nyuzinyuzi. Kwa mzio wenyewe, muulize daktari dawa ya kupulizia puani uianze kabla Birke hazijachanua, na setirizini, dawa ya kutuliza mzio, siku mbaya. Osha nywele kabla ya kulala. Ikishindikana kuna tiba ya kuizoeza kinga, sindano au vidonge vya chini ya ulimi vyenye chavua yenyewe, kwa kawaida miaka 3.

BintiMoro: Miaka 3! Haya, kesho napiga simu kuomba miadi.