Mnamkumbuka Jacqueline Kennedy kwa lipi?

Swali: Ndugu zangu, Jacqueline Kennedy alifariki dunia New York mwezi Mei 1994 akiwa na umri wa miaka 64, lakini hadi leo jina lake hutajwa kila panapozungumzwa umaridadi wa wake wa marais wa Marekani. Ninyi binafsi mnamuenzi kwa lipi?

Jibu la kwanza: Kwa ile suti ya waridi aliyoivaa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, siku mumewe, Rais John F. Kennedy, alipouawa kwa risasi. Ilikuwa imelowa damu ya mumewe, naye akakataa kuibadilisha, akasimama vivyo hivyo ndani ya ndege kando ya Lyndon Johnson aliyekuwa akiapishwa kuwa rais mpya. Kila niitazamapo picha ile, machozi hunilengalenga.

Jibu la pili: Nakubaliana nawe, ingawa kwangu mavazi huja baadaye. Alihariri vitabu kwa karibu miaka 20, tena alisimama kidete kukitetea kituo cha treni cha Grand Central, jijini New York, kisiharibiwe kwa kujengewa mnara juu yake, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 1978 kwamba kilindwe.

Aliyeuliza: Ahsanteni sana. Habari ya kituo hicho sikuijua, nami nimezidi kumpenda.