Mama mzee anaomba mwendo upunguzwe, anaambiwa ashuke atembee!

Ndugu zangu wa Arua, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Jina la dereva huyu wa bajaji silitaji, kwa kuwa kila anayepanda bajaji kwenye steji ile ya sokoni anamjua: honi yake husikika Arua nzima, lakini taa zake huziwasha siku anayojisikia. Jioni hii amemwambia mama yangu mzazi, mbele ya abiria wote, "Mama mzee, kama unaogopa kufa, shuka utembee."

Tulikuwa watatu nyuma, kama chombo kilivyoundwa, naye akamketisha kijana wa nne ubavuni pake, kwenye kiti cha dereva peke yake. Bajaji huongozwa kwa mikono kama pikipiki, klachi na gia zikiwa mkono wa kushoto na mafuta mkono wa kulia, kwa hiyo mtu akibanwa pale, kiwiko cha dereva hakina pa kwenda. Huku simu ikiwa imebanwa begani, aliingia kona ya kuelekea barabara ya Koboko kwa kasi ya kuturusha hadi Sudani Kusini, tena akiikata kwa upande wa kulia hapa Uganda, ambako watu huendesha kushoto. Gurudumu moja la nyuma liliinuka. Hapo ndipo mama aliposema, "Mwanangu, polepole," akajibiwa kwamba ashuke atembee. Ashuke, gizani, katikati ya barabara!

Chombo chenye gurudumu moja mbele hupinduka upesi kikikatishwa kona ghafla, hasa uzito ukielemea upande mmoja, na hakuna mlango wa kumzuia abiria asimwagike nje. Dereva anayekikalia kutwa nzima anayajua hayo. Mwenyekiti wa steji ameniambia kwamba kijana hukimbizana na pesa anayotakiwa kumpelekea mwenye bajaji kila siku. Je, pesa ya tajiri ndiyo inayomruhusu kumwambia mama wa watu ashuke atembee?

Mkaazi wa Oli: Huyo huyo! Mimi alinipitisha katikati ya malori mawili huku akihesabu chenji. Mpe mama pole nyingi.

Fundi Magurudumu: Nawe ulimwona wa nne akipanda mbele, ukanyamaza mpaka mama mzee akusemee? Abiria wote mngeshuka, angemshusha yule kijana mara moja.

Mwenye uzi: Giza lilikuwa limeingia na bajaji nyingine hazikuwepo. Hata hivyo, hilo halimpi ruhusa ya kumwambia mama yangu ashuke atembee.

Dereva Mwenzenu: Sisi wengine tunapakia watatu na taa zetu zinawaka. Tatizo ni abiria wenyewe, ambao hukataa kulipa zaidi ya nauli ya bajaji iliyojaa wanne, kisha wanalalamika.

Binti Nubi: Afadhali bajaji ina paa. Boda-boda hubeba mama, watoto wawili na gunia la mihogo bila kofia hata moja, na hakuna anayewafungulia uzi.

Mkaazi wa Oli: Boda-boda tuwaache kwanza. Nani ameona malori yanayoegeshwa usiku kwenye barabara ya Koboko bila taa wala kiakisi mwanga nyuma?

Fundi Magurudumu: Mimi nimeona, na wiki hii nimetengeneza bajaji iliyoligonga mojawapo.