Mrejesho: ndoo ya mbolea hainuki tena

Jamani nimerudi, mie yule wa Kisauni niliyeuliza mbona ndoo yangu ya mbolea ya taka za jikoni yanuka na imejaa mabuu. Mlisema kweli, maji yalikuwa mengi hewa hakuna, tena nikitia machicha ya nazi na mabaki ya samaki pamoja. Samaki nimeacha kabisa. Nimetoboa matundu chini na ubavuni, kila nikitia maganda nafunika na majani makavu na makumbi ya nazi niliyoyachambua, kiasi mara mbili ya maganda, halafu kila baada ya siku kadhaa naigeuza. Harufu iliisha wiki ileile! Sasa miezi mitatu, imekuwa nyeusi yanukia udongo wa mvua, na mchicha wangu kwenye madebe umenawiri wallahi. Ila maji ya kisima chetu yana chumvi, yaliunguza majani, siku hizi nakinga ya mvua. Ahsanteni sana.